Milioni 12 Alizoziacha Gil Meche: Haki Yako Unaweza Kuiachia, ya Mwenzako Huwezi



Tangu tarehe 8 Mei 2025, siku alipochaguliwa Baba Mtakatifu Leo XIV, waamini wengi ambao hawajawahi kuona gongo la besiboli wameanza kuusikia mchezo huo ukitajwa. Papa ni mzaliwa wa Chicago na shabiki wa timu ya White Sox. Picha za televisheni za fainali za mwaka 2005 zinamwonesha akiwa miongoni mwa watazamaji, wakati huo akiwa Mkuu wa Shirika la Waagostiniani. Siku mbili baada ya kuchaguliwa aliwaeleza Makardinali kwamba jina Leo amelichukua hasa kwa ajili ya Papa Leo XIII na Waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, unaohusu haki za wafanyakazi.

Watu wamelichukua jambo la kwanza kama kichekesho na la pili kama somo. Mimi naona yanaweza kukaa meza moja. Katika besiboli kuna kisa cha mchezaji mmoja mstaafu, Gil Meche, aliyeacha takriban dola za Marekani milioni 12 ambazo kwa mkataba zilikuwa haki yake. Kisa hicho kinagusa swali ambalo kila paroko, kila mjumbe wa kamati ya fedha na kila mfanyakazi wa Kanisa hukutana nalo: ni lini inafaa mtu aiache haki yake, na nani ana ruhusa ya kumwomba aiache? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo. Haki yako unaweza kuiachia kwa ajili ya dhamiri au kwa ajili ya Injili. Haki ya mwenzako huwezi kuiachia kwa niaba yake.

Fedha za mchezo huu zilikotoka

Besiboli haijaenea sana kwetu, ingawa mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Uganda ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Kwa kifupi, mchezaji mmoja hurusha mpira kwa nguvu na kwa hila, na mpinzani wake hujaribu kuupiga kwa gongo. Mrushaji ndiye moyo wa timu, lakini kazi yake inakula mwili. Bega na kiwiko havikuumbwa kurusha mpira kwa kasi ile mara mia kwa jioni moja. Ndiyo maana mrushaji anayeanza mechi hupumzishwa siku kadhaa kabla ya kurusha tena, na hata hivyo wengi huishia mikononi mwa madaktari wa upasuaji.

Leo wachezaji wa Ligi Kuu ya Marekani wanajulikana kwa utajiri. Mkataba wa kawaida wa ligi hiyo una ulinzi mkubwa: ukishatiwa sahihi, mshahara hulipwa hata mchezaji akiumia akashindwa kucheza. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miongo mingi kulikuwa na kipengele katika mikataba kilichomfunga mchezaji kwa timu yake muda wote ambao timu ilimtaka. Timu iliweza kumhamisha, kumuuza au kumpunguzia mshahara, naye hakuwa na soko lingine la kupeleka jasho lake. Mwaka 1966 wachezaji walimwajiri Marvin Miller, mtu aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, aongoze chama chao. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka.

Mwaka 1969 Curt Flood, Mmarekani mweusi aliyechezea St. Louis Cardinals, aliambiwa amehamishiwa Philadelphia. Hakuulizwa. Alikataa, akaenda mahakamani, akakosa msimu wote wa 1970. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimshinda kwa kura tano dhidi ya tatu, na maisha yake ya uwanjani yakawa yamekwisha. Lakini mlango alioupiga teke ulikuja kufunguka. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, waliokuwa wamecheza msimu mmoja bila kusaini mkataba mpya, walikuwa huru kujadiliana na timu nyingine. Tangu hapo mishahara ikaanza kupanda.

Naieleza historia hii kwa makusudi. Mtu akituambia kwamba mchezaji fulani ameacha mamilioni, ni rahisi kudhani kwamba fedha zile ziliota mtini. Hazikuota. Zilitokana na watu waliodai, wakanyimwa, wakadai tena, na mmoja wao alilipa kwa kazi yake. Haki ilitangulia. Ukarimu wa Meche, kama tutauita ukarimu, ulisimama juu ya haki ambayo wengine walikuwa wameipigania.

Meche na bega lake

Gil Meche alizaliwa mwaka 1978 Lafayette, katika jimbo la Louisiana. Mwaka 1996, akitoka sekondari, alichaguliwa na Seattle Mariners katika duru ya kwanza ya kuchagua vijana. Alianza kucheza Ligi Kuu mwaka 1999. Mapema tu bega likamsaliti: alifanyiwa upasuaji, akakosa misimu ya 2001 na 2002 katika ligi hiyo, kisha mwaka 2003 akarudi uwanjani.

Desemba 2006 Kansas City Royals, timu iliyokuwa inashika mkia mwaka hadi mwaka, ilimpa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 55. Wachambuzi wengi waliona timu imetoa fedha nyingi mno kwa mrushaji wa wastani. Meche alijibu kwa kazi. Mwaka 2007 na mwaka 2008 alianza mechi 34 katika kila msimu, na mwaka 2007 akachaguliwa kuwa miongoni mwa nyota wa ligi. Halafu maumivu yakarudi. Mwaka 2009 alikosa sehemu ya msimu, na mwaka 2010 alianza mechi tisa tu, akarudi mwishoni mwa msimu kama mrushaji wa akiba, bila kupata ushindi hata mmoja mwaka mzima.

Ulibaki mwaka mmoja wa mkataba, wenye takriban dola milioni 12. Njia iliyozoeleka ilikuwa nyepesi. Angekwenda kambini, angesema bega linauma, angefanyiwa upasuaji kwa gharama ya timu au angekaa benchi, na kila siku ya malipo fedha zingeingia. Hakuna sheria ambayo angekuwa ameivunja, na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake, Januari 2011, akiwa na umri wa miaka 32, Meche alitangaza kustaafu. Kwa kustaafu, alipoteza malipo yote ya mwaka ule. Alieleza kwamba alipotia sahihi lengo lake lilikuwa kuustahili mkataba ule, na kwamba hakuona vema kupokea fedha nyingi kiasi kile huku hafanyi kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikiri pia kwamba alikuwa amekwisha kupata fedha nyingi. Ni kweli: kwa timu hiyo peke yake alikuwa amelipwa zaidi ya dola milioni 40.

Simleti hapa kama mtakatifu. Aliyebaki na mamilioni hajawa maskini wa roho kwa sababu tu ameacha mamilioni mengine. Lakini alifanya jambo ambalo ni adimu katika kazi yoyote: alisema imetosha, na alilisema wakati hakuna aliyemlazimisha.

Bonilla hakuiba

Mwaka huohuo wa 2011, mchezaji mwingine mstaafu alianza kupokea. Bobby Bonilla, mzaliwa wa New York, aliyetwaa ubingwa mwaka 1997 akiwa na Florida Marlins, alikuwa mchezaji wa New York Mets. Mwaka 2000 timu hiyo haikumtaka tena lakini ilikuwa bado inadaiwa naye dola milioni 5.9. Pande mbili zilikubaliana kwamba fedha hizo zisilipwe wakati ule. Zingekaa, zikizaa riba ya asilimia 8, na kuanzia mwaka 2011 hadi 2035 Bonilla angelipwa dola 1,193,248.20 kila tarehe 1 Julai. Jumla yake inakaribia dola milioni 30. Mpaka leo kila Julai Wamarekani hukumbushana siku hiyo kwa vicheko, maana mtu aliyeacha kucheza mwaka 2001 bado analipwa na timu.

Mhubiri mwenye haraka angepata hapa mfano ulio tayari: Meche mwema, Bonilla mwenye tamaa. Nawasihi mafrateri wasiutumie. Bonilla hakuiba senti. Alidai mshahara aliokuwa ameahidiwa, akakubali kuusubiri miaka 11, na wenye timu walikubali kwa hiari yao wakitegemea kwamba fedha ile ikiwekezwa kwingine ingewaletea faida kubwa zaidi. Uwekezaji wao mkubwa ulikuwa kwa Bernard Madoff, ambaye Desemba 2008 alikamatwa kwa utapeli mkubwa. Kwa hiyo ukitafuta tamaa katika kisa hiki, usiitafute kwa aliyesubiri mshahara wake pekee.

Hapa ndipo tunapohitaji kuwa waangalifu na maneno yetu. Kuna wajibu wa haki, na kuna tendo la hiari linalovuka wajibu. Mets kumlipa Bonilla ni wajibu wa haki: ahadi ni deni. Meche kuacha fedha zake ni tendo la hiari. Angezichukua, asingekuwa ametenda dhambi. Bega lake liliharibika kazini, na Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatambua kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini hapaswi kutupwa kama jembe lililovunjika mpini. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anaweka matibabu na hifadhi ya mfanyakazi anayepata ajali kazini miongoni mwa mambo yanayomstahili pamoja na mshahara. Tanzania nayo ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa sababu hiyohiyo. Mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wa kanisa na kuvunjika mguu hana haja ya kuambiwa habari za Meche. Ana haja ya kulipwa.

Alivyofanya Paulo

Maandiko Matakatifu yanatupa mwalimu bora kuliko mchezaji yeyote. Somеni kwa utulivu sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho. Mtume anataka kusema kwamba amehubiri bila kudai malipo. Angeweza kulisema kwa sentensi moja. Lakini tazama anavyofanya: anatumia nusu nzima ya sura kuijenga haki kwanza. Anamtaja askari, mkulima wa mizabibu na mchungaji wa kundi. Anaitaja Torati na ng'ombe anayepura nafaka. Anawataja wanaohudumu hekaluni. Anakumbusha kwamba Bwana mwenyewe ameagiza wahubiri wa Injili waishi kwa Injili. Baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anayeweza kuitilia shaka haki hiyo, ndipo anaposema kwamba yeye hakuitumia.

Mambo mawili yanaonekana. La kwanza, Paulo haachi haki kwa kuifuta. Anaithibitisha ili Wakorintho wajue kwamba kinachofanyika ni zawadi, na mhubiri atakayekuja baada yake asije akanyimwa. La pili, anachokiacha ni chake. Hawaambii mitume wengine, wala ndugu wa Bwana, wala Kefa, waishi kama yeye. Hakufanya hiari yake kuwa sheria kwa tumbo la mwenzake.

Mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, unaelekea upande huohuo. Tunausoma mara nyingi tukiwakemea wafanyakazi wa asubuhi kwa kunung'unika. Lakini angalia ukarimu unatoka upande gani. Mwenye shamba hakuwaambia wa asubuhi wapunguze dinari yao ili wa jioni wapate. Wao walilipwa kamili kama walivyopatana, na ziada ya wa jioni ilitoka mfukoni mwa mwenye shamba. Katika mfano huu anayejinyima ni mwajiri.

Pingamizi la haki

Kuna hoja moja dhidi ya Meche ambayo siwezi kuipita. Fedha alizoziacha hazikuwafikia maskini. Zilibaki kwa timu, na mmiliki wa timu wakati ule alikuwa David Glass, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya Walmart. Tajiri mmoja alimwachia tajiri mkubwa zaidi. Je, haingekuwa bora azichukue, kisha ajenge hospitali au asomeshe yatima?

Pengine ingekuwa bora, na anayefanya hivyo asilaumiwe. Lakini pingamizi hili lina mtego ndani yake. Wengi wetu tumejifunza kuituliza dhamiri kwa sadaka: nichukue kwanza, nitatoa baadaye. Meche alijiuliza swali linalotangulia sadaka, yaani kama fedha hii imefanyiwa kazi. Mtu anayejiuliza hivyo kabla ya kupokea ana uhuru ambao mtoaji mkubwa wa misaada anaweza asiwe nao. Uhuru huo ndio ninaousifu.

Hata hivyo pingamizi linatufundisha jambo jingine, na hili ni la lazima. Wema wa mtu mmoja haurekebishi mfumo. Baada ya Meche kuondoka, mishahara ya wafagiaji wa uwanja wa Kansas City haikupanda kwa sababu yake. Kujinyima kwa mfanyakazi, hata kuwe kuzuri namna gani, kwa kawaida kunamfaidi mwajiri. Kwa hiyo mwajiri anaposifia sana kujinyima kwa wafanyakazi wake, tuna kila sababu ya kutega sikio.

Tukirudi parokiani

Nimekaa katika vikao vya fedha vya parokia kwa miaka kadhaa, na sentensi moja nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: kazi ya Mungu haina mshahara, malipo ni mbinguni. Husemwa linapofika suala la katekista anayezunguka vigango vitatu kwa baiskeli. Husemwa la mpishi wa nyumba ya mapadre, la mlinzi wa usiku, la mwalimu wa chekechea, la mama anayefua nguo za altare. Kwa kawaida husemwa na mtu ambaye mwisho wa mwezi ana mshahara wake mahali pengine. Sijawahi kusikia ikisemwa kwa fundi wa spika, wala kwa duka la simenti.

Sentensi hiyo inatumia maneno ya Injili kufanya kazi ambayo Injili inaikataza. Yesu alipowatuma wanafunzi wake alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Mtakatifu Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Leo XIII alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Hata mfanyakazi akikubali kwa sababu ya shida, kuna haki ya asili iliyo ya zamani kuliko mapatano, na inadai kwamba mshahara umtosheleze mfanyakazi mwenye kiasi. Yohane Paulo II aliongeza kwamba mshahara wa haki ndicho kipimo cha kuaminika cha kujua kama mfumo mzima wa uchumi unatenda haki. Parokia nayo ni mwajiri, na kipimo hicho kinaihusu.

Sheria za Kanisa hazikuliacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Kanuni ya 1286 inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate sheria za kazi za nchi kulingana na misingi ya Kanisa, na wawalipe wafanyakazi wao mshahara wa haki na wa kutosha kwa mahitaji yao na ya wale wanaowategemea. Kanuni ya 231 inawatambulia walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa haki ya malipo yanayofaa hali yao, pamoja na hifadhi ya jamii na matibabu. Neno linalotumika ni haki. Hisani haitajwi.

Najua jibu litakalokuja, nalo ni jibu la kweli: parokia nyingi ni maskini. Sadaka ya Jumapili inatoka kwa wakulima ambao mvua imewachezea. Sisemi kwamba paroko atoe asichonacho. Nasema kwamba umaskini wa parokia ukiwa kweli, utaonekana katika kila fungu la bajeti. Ukionekana katika mshahara wa mlinzi tu, huku gari likibadilishwa na jubilei ikifanyika kwa mahema na ng'ombe watatu, huo si umaskini. Ni chaguo. Na kama kweli hakuna fedha, basi aambiwe ukweli: tunakudai, na tunaandika deni hili. Bonilla alisubiri miaka 11, lakini deni lake liliandikwa, likatiwa sahihi, na kila Julai linalipwa. Katekista anayesubiri mbinguni hana hata karatasi.

Kwa mafrateri

Ndugu zangu mafrateri, ninyi mtakalia viti viwili, na nawaandikia hasa kwa sababu hiyo. Katika kiti cha kwanza mtakuwa wapokeaji. Waamini watawaletea zaka, mavuno, kuku, bahasha za shukrani. Kanuni ya 281 inawapa haki ya kutunzwa ipasavyo, na kanuni ya 282 inawataka muishi maisha ya kawaida, yasiyo na harufu ya majivuno, na kinachozidi mkitumie kwa manufaa ya Kanisa na kwa matendo ya huruma. Katika kiti hiki kisa cha Meche ni chenu. Siku ambayo bahasha itakuja kubwa kuliko kazi, au itakuja kwa kazi ambayo hamkuifanya, muwe na uwezo wa kusema imetosha. Uwezo huo hauji siku ya upadrisho. Unajengwa sasa, katika mambo madogo: nauli ya likizo iliyobaki, msaada wa mfadhili aliyetoa kwa ajili ya vitabu, chakula cha wageni.

Katika kiti cha pili mtakuwa walipaji. Mtasaini orodha ya mishahara. Hapo Meche si wenu tena. Ni wa yule aliye upande wa pili wa meza, na hata kwake ni hiari tupu. Msimtaje. Msimtaje hata Paulo mtengeneza mahema. Ukiwa umeshika kalamu ya malipo, maneno kuhusu uzuri wa kujitolea yanageuka kuwa punguzo la mshahara lililovikwa stola. Kama katekista wako mwenyewe, akiwa amelipwa kamili, atarudisha sehemu kwa ajili ya bati la kigango, pokea na umshukuru Mungu. Hiyo ni sadaka yake. Ukikata kabla hajaipokea, umemnyima mshahara, na pia umemnyima nafasi ya kutoa sadaka.

Kipimo ninachopendekeza ni chepesi kukumbuka. Neno imetosha lina thamani linapotoka kinywani mwa anayepokea. Likitoka kinywani mwa anayelipa, linahitaji kuchunguzwa. Meche alilisema akiwa upande wa kupokea, mkononi akiwa na mkataba ambao hakuna aliyeweza kuuvunja, na nyuma yake kuna watu kama Flood waliohakikisha kwamba mchezaji anaweza kuwa na mkataba wa namna ile. Kama hakuna mkataba, wala haki, wala uwezo wa kukataa, anayeacha kitu hajatoa zawadi. Amenyang'anywa kwa upole.

Mwisho wa mwezi huu, katika parokia na taasisi zetu, kutakuwa na orodha ya kusainiwa. Wajumbe wa kamati za fedha, kabla ya kufungua kikao kwa sala, ombeni orodha hiyo iwekwe mezani. Someni jina moja moja, na mbele ya kila jina ulizeni: je, mtu huyu anaweza kula, kutibiwa na kusomesha mtoto kwa fedha hii? Kama jibu ni hapana, kikao kianzie hapo.